Nilienda show ya rock ya Halloween Uyole, nikaishia kuagwa na baba mkwe nikiwa ndani ya jeneza

Kamwene wakuu. Na ndugu zangu wa Mbeya, ndaga fijo.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, kwa sababu kila nikianza kusimulia watu wananiuliza siku hiyo nilikunywa nini. Sikunywa kitu. Asiyeamini aende Uyole amuulize yeyote aliyekimbia siku ile. Wapo wengi.

Naandika nikiwa jikoni. Baba mkwe yuko sebuleni, chakula ndio kwanza kimepelekwa. Kwa nini sijakaa naye huko sebuleni mtaelewa mbele.

Mods, naomba uzi ubaki hapa hapa. Msiupeleke jukwaa la mahusiano wala la dini, hata mimi sijui unastahili wapi.

Nianze.

Mimi ni Mhehe, mzaliwa wa Mafinga, fundi cherehani. Watani zangu tafadhali, ule utani wa kula mbwa tumeshauzoea, tafuteni mwingine.

Kipindi hicho nilikuwa na mchumba anaitwa Lusajo, Mnyakyusa wa Tukuyu, anaishi Mbeya mjini. Mpole, mrefu, anapiga gitaa la besi kwenye bendi ya rock. Ndiyo, rock. Mbeya. Msiniulize walianzaje.

Shida haikuwa Lusajo. Shida ilikuwa baba yake.

Jina la mzee silitaji humu, na si kwamba naficha siri. Ni mila. Kwa wenzetu hawa mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni, haongei naye, hapiti mbele yake, na jina lake halitamki. Yeye akitokea kushoto, wewe unapotelea kulia. Vijana wengi wa mjini wameshaacha haya mambo. Kwa kina Lusajo hawajaacha na hawana mpango.

Nilipoenda kusalimia ukweni mara ya kwanza, shangazi yake Lusajo alinikalisha nyuma ya nyumba akanipa somo zima. Mwisho akasema, "Mwanangu, ukimwona anakuja usifikirie. Jifiche kwanza, kufikiria utafikiria ukiwa umeshajificha."

Basi mimi ziara yote nilikuwa jikoni nyuma, napika, naosha vyombo, naimba imba kujiliwaza. Mzee nilimjua kwa kikohozi tu. Ana kikohozi fulani kifupi, halafu kimya, halafu kirefu. Nikikisikia nazama nyuma ya migomba.

Sasa, barua ilishaenda, mahari ilishaenda, kilichobaki ni mzee kutoa tarehe ya harusi.

Akasema baada ya mavuno.

Mavuno yakapita. Akasema ngoja kwanza mvua zitulie.

Mvua zikatulia. Akasema tutaona baada ya mavuno.

Nyumbani Mafinga hali ikawa mbaya. Mama akawa ananiangalia kwa jicho la huruma, lile jicho ambalo ni bora upigwe kofi. Akasema, "Hawa watu hawakutaki, ila wanaona aibu kukwambia." Kaka yangu Lukelo ni mtu wa maneno machache sana, na siku akisema hata mbuzi wanageuka. Akasema Krismasi ikifika bila tarehe, uchumba umekufa na yeye mwenyewe ndiye atakayeenda kuwaambia.

Nililia wakuu. Nampenda Lusajo. Na kilichoniuma zaidi ni kutojua kosa langu. Mtu hajawahi kuniona, hajawahi kuongea na mimi, hanitaki kwa lipi?

Hapo ndipo Halloween inapoingia.

Kiongozi wa ile bendi anaitwa Kizito. Ndiye mwimbaji, mtu wa mbwembwe, anaweza kuongea na ukuta mpaka ukachoka. Akapata wazo la kufanya show mwisho wa Oktoba, ile sikukuu ya kigeni ya watu kuvaa vitisho. Tena si kuimba tu, ni rock ya maigizo. Hadithi yenyewe ni ya bibi harusi aliyekufa kabla ya harusi yake. Analetwa stejini kwenye jeneza, bendi inamlilia kwa magitaa, na kwenye wimbo wa mwisho anafufuka anacheza.

Mimi nikapewa kazi ya kushona majoho meusi na gauni la marehemu. Kaka Lukelo, ambaye ni seremala, akapewa kazi ya jeneza.

Kizito alitaka jeneza la kuigizia tu. Maboksi, rangi nyeusi, basi. Sasa jamani, unamwambiaje seremala wa Mafinga atengeneze kitu cha uongo? Kaka alichagua paini iliyokauka vizuri, akapiga randa, akapaka vanishi, akaweka vishikio vya kung'aa na kidirisha cha kuonea uso chenye kimlango chake. Nikamwambia hili litatisha watu. Akaniuliza kwani walikuwa wanataka nini.

Siku ya show tukalipakia kwenye pickup yake, tukaondoka asubuhi.

Wakuu, kama una haraka barabara ya Mbeya, beba jeneza. Malori yanakupisha. Wauza nyanya wa njiani wanasimama. Pale mbele ya Makambako trafiki alitusimamisha, akachungulia nyuma, akavua kofia.

"Poleni sana. Mnaelekea wapi?"

"Uyole," kaka akajibu.

"Mungu awatie nguvu."

"Asante."

Tulipoondoka nikamwambia mbona hukumwambia ni la show. Akasema, "Hajauliza kilichomo."

Huyo ndiye kaka yangu. Anajibu alichoulizwa, hazidishi hata neno. Mkumbuke hilo, litatuponza.

Tulipofika njia panda ya Uyole tukamkuta Lusajo anatusubiri kutuonyesha njia. Alikuwa ameshavaa joho lake jeusi, na usoni wamemchora machozi meusi mpaka kidevuni. Akarukia nyuma ya pickup, akalikumbatia jeneza lisiteleze kwenye matuta.

Jaribuni kuiona hiyo picha kama mtu wa Uyole anavyoiona.

Jeneza. Kijana amelikumbatia. Ana machozi. Gari lina vumbi la safari.

Bodaboda wa kijiweni hawakuuliza kitu. Wakavunja matawi, wakawasha taa, wakatangulia mbele wakipiga honi. Wengine wakafunga nyuma. Wamama wakaanza kukaza khanga viunoni na kutufuata kwa miguu. Mimi nilikuwa mbele na kaka, nimejiinamia nacheka mpaka mabega yanatikisika. Mmama mmoja akapitisha mkono dirishani akanipapasa kichwa, akasema, "Lia mwanangu, usizuie."

Sasa fikeni ukumbini. Ni uwanja wa ukumbi mmoja una ukuta na geti moja tu. Bendi ilikuwa imepiga maturubai, imepanga viti vya plastiki, imefunga vitambaa vyeusi kila nguzo, na spika kubwa mbele. Show ilikuwa ya mchana kwa sababu mwenyekiti wa mtaa alikataa kelele za jioni.

Turubai, viti vya plastiki, vitambaa vyeusi, jeneza linaingia. Tuseme ukweli wakuu, hata wewe ungeingia na kiroba cha mchele.

Kijana wa getini akajaribu kuwaomba wamama tiketi. Kiongozi wao, mmama mnene mwenye sare ya kwaya, nitamwita Mama Kwaya, alimwangalia kwa masikitiko makubwa.

"Mwanangu, tangu lini msiba una kiingilio? Waliokulea wako wapi?"

Kijana akafungua geti lote.

Ndani ya muda mfupi nyuma ya steji kulikuwa na mafiga, moto, masufuria, na wamama wanamenya viazi. Hakuna aliyewatuma. Hakuna aliyeuliza marehemu ni nani. Huku kwetu mtu anaanza kumenya, jina la marehemu atalijua mbele ya safari.

Na wale wenye tiketi zao wakawa wanaingia na vitisho vyao. Mmoja alikuwa amejizungushia karatasi za chooni mwili mzima, ungedhani kiwanda cha karatasi cha Mgololo kimemlipa kwa mzigo. Mwingine alikuja amevaa ovaroli na kubeba koleo la kukatia umeme, akasema hakuna kinachotisha zaidi ya hapo. Wamama wakawa wanawapa pole wote bila ubaguzi.

Kizito alikuwa amepakwa rangi nyekundu uso mzima, ana pembe mbili. Mama Kwaya akamshika mashavu. "Pole baba. Umelia mpaka sura imeharibika." Akachukua upindo wa khanga akaanza kumfuta. Kizito anarudi nyuma, mmama anakuja mbele. Shavu moja lilibaki jekundu, lingine likarudi la Kizito.

Bendi ikaanza wimbo wa kwanza. Nakiri, gitaa lilipounguruma hata mimi wa nyumbani nilishtuka. Mama Kwaya akasimama, akamwambia fundi mitambo kwa upole kwamba spika ina hitilafu, azime isije ikawaka.

Hakuhitaji kuzima. Jenereta likakohoa, likafa. Mafuta yameisha.

Lusajo akachukua galoni, akapanda boda kwenda kutafuta petroli. Huku nyuma kukawa kimya, na kimya msibani hakiachwi hivi hivi. Kwaya ikashika usukani. Sauti ya kwanza, ya pili, besi, kila mtu na nafasi yake. Yule wa karatasi za chooni alikuwa na sauti nzuri sana ya tatu.

Mimi nikiwa kando ya steji, Kizito akanifuata mbio. Binti aliyepangiwa kuwa marehemu ameliona jeneza la kaka, akasema hilo si la kuigiza, akaondoka zake. Akanibembeleza nichukue nafasi. Nikamwambia sitaki. Akaendelea. Nimeshasema ni mtu anayechosha ukuta. Nikasema basi nijaribu tu gauni tuone kama linakaa.

Nikavaa gauni, nikafunikwa shela, nikapakwa unga wa muhogo usoni. Ndio nimesimama pale nafunga vifungo, nikasikia kikohozi.

Kifupi.

Kimya.

Kirefu.

Nikachungulia kwenye shela. Getini ameingia mzee mmoja wa makamo, kofia mkononi, koti la kijivu, anatembea taratibu akitafuta mtu kwa macho. Sikuwahi kumwona lakini nilijua. Ana mabega ya Lusajo.

Nikamwambia kaka, "Baba mkwe."

Geti ni moja na yeye ndiye yuko getini. Nyuma wamama na moto. Kushoto ukuta, kulia ukuta. Somo la shangazi likanijia lote kwa pamoja, jifiche kwanza.

Nikaingia kwenye jeneza nikavuta mfuniko.

Sasa kuanzia hapa nasimulia kwa masikio, maana macho yalikuwa yanaona giza na mbao. Kaka alifanya kazi nzuri sana humo ndani, hata msumari mmoja haukutokeza. Harufu ya vanishi tu, na vumbi la randa linawasha pua.

Nikasikia mzee anamsogelea Kizito.

"Pole kijana. Marehemu ni nani?"

Kizito akadhani ni mtazamaji anajiunga na mchezo. Akaweka ile sauti yake ya stejini. "Ni bibi harusi, mzee wangu. Amekufa kabla ya harusi yake."

"Mwili umetoka wapi?"

"Mafinga."

Nikasikia kiti kimesukumwa, mtu amekaa kwa uzito. Nikawaza Mungu wangu, huyu mzee anadhani ni mimi. Halafu nikakumbuka kwamba kweli ni mimi.

Baadaye ndiyo nilijua alivyofika. Alikuwa ametoka Tukuyu asubuhi kuja Uyole dukani, akamwona mwanae juu ya pickup yenye namba ngeni, kalikumbatia jeneza, machozi mpaka kidevuni. Aliita, honi za bodaboda zikammeza. Akaacha mzigo wake kwenye gari akafuata matawi.

Akamgeukia kaka Lukelo. "Na wewe ni nani wa marehemu?"

Nilifumba macho humo ndani nikaomba kaka yangu, leo tu, ongeza maneno.

"Kaka yake," akajibu.

Mzee akamkumbatia. Nilisikia anavyolia kwenye bega la kaka, kile kilio cha mtu mzima cha kuvuta pumzi. Kaka anasema mpaka leo kwamba alitaka kumweleza ukweli, ila mzee hakuwa ameuliza swali lingine.

Kisha mzee akaomba nafasi ya kusema. Mama Kwaya akanyamazisha watu.

"Mimi ni baba mkwe wa marehemu," akaanza. "Sijawahi kumwona mkwe wangu. Wenye mila yetu mnajua."

Watu wakaguna kukubali.

"Alikuja nyumbani mara moja. Nilimsikia anaimba nyuma akiosha vyombo. Nilikaa upande wa pili wa ukuta nasikiliza. Mke wangu akanikuta hapo, nikamwambia naota jua."

Kicheko kidogo kikapita, cha msibani.

"Alinipikia. Nisiseme uongo mbele ya jeneza, chumvi ilizidi. Sana. Lakini nilikula nikamaliza, kwa sababu nilifurahi kuwa ni mkono wake."

Hapo mimi nimeshaanza kulia humo ndani, unga wa muhogo unageuka uji.

"Kuna jambo linanichoma. Huyu binti nilimchelewesha. Nilisema baada ya mavuno, nikasema baada ya mvua. Najua watu walidhani simtaki. Nadhani na yeye amekufa akidhani simtaki." Akasimama kidogo, akakohoa. "Ukweli nilikuwa naona aibu. Paa la nyumba yangu lina kutu, linavuja. Wakwe zangu wanatoka kwenye mbao, ni mafundi. Wangeingia kwangu wakatazama juu. Nikawa najikusanya polepole ili nibadilishe kwanza, na sikumwambia mtu, hata mwanangu."

Hata viazi viliacha kumenywa.

"Leo nimekuja kununua bati. Ziko kwenye gari pale nje. Bati zimepatikana, mwenyewe ameondoka."

Wamama wakaangua kilio. Yule wa ovaroli naye nilimsikia. Mimi nilikuwa nimeuma shela nisitoe sauti. Mwaka mzima, jamani. Mwaka mzima nimejihesabia makosa, kumbe mzee alikuwa ananionea aibu kwa ajili ya kutu.

Halafu akasema neno lililonigandisha.

"Mila ilinizuia kumwona akiwa hai. Sasa hainizuii tena. Naomba nimwone uso nimuage."

Nikasikia kwaya inaanza wimbo wa kuaga, kisha hatua. Nikasikia mkono wake juu ya mfuniko. Kile kimlango cha kidirisha kikalia, tik.

Fikirieni wakuu. Ameshanikubali mbele ya umati. Na ndani ya sekunde moja ataniona uso, tena wenye uji wa muhogo, na kila kitu alichokilinda na mimi nikakilinda kimeharibika. Kusema naye siruhusiwi. Kukaa kimya siwezi.

Nikagonga mbao.

Ko.

Kwaya ilikata. Mkono wa mzee ukatulia pale pale.

Nikagonga tena.

Kilichofuata nimesimuliwa na kaka, ambaye hakukimbia kwa sababu hakuna aliyemwambia akimbie. Wa kwanza kutoka getini alikuwa Kizito. Shetani wetu mwenyewe, pembe moja imebaki kwenye turubai. Wa karatasi za chooni alinasa kwenye kiti, akaendelea kukimbia huku anajifungua, mpaka nje alikuwa na bukta. Bodaboda waliziacha pikipiki zao wakatumia miguu. Mmama mmoja alikimbia na sufuria la viazi, na kwa sifa zake niseme hakumwaga. Mama Kwaya aliingia chini ya meza ya mitambo na huko chini akaendelea na ubeti uliokuwa umekatika.

Uwanja ukabaki na kaka, mimi, na mzee.

Mzee hakukimbia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, kama uko hai gonga mara moja. Kama umekufa gonga mara mbili."

Nikagonga mara moja.

Nikasikia viatu vimegeuka haraka sana. Kaka anasema mzee aliligeuzia jeneza mgongo, akaweka kofia usoni kwa usalama zaidi.

Maiti inagonga, hakuogopa. Mkwe yuko hai, ndiyo akaogopa.

"Kaa humo humo," akasema akiwa ameelekea ukutani. "Usitoke. Mimi natoka kwanza. Nikishavuka geti ndiyo utoke." Akatembea hatua kadhaa, akasimama. "Niliyoyasema nimeyasema mbele za watu, siyarudishi. Ila lile la chumvi nisamehe."

Getini akakutana na Lusajo anakuja mbio na galoni la petroli, ameshaambiwa njiani kwamba bibi harusi amefufuka. Baba yake akamwangalia joho, akamwangalia machozi ya rangi, akamwambia, "Njoo nisaidie kufunga bati vizuri kwenye gari. Na nguo hiyo uivue."

Sasa mtauliza show ilikuwaje.

Ilikuwa nzuri sana. Watu walirudi mmoja mmoja, maana mtu aliyekimbia lazima arudi aone alikimbia nini. Kaka aliulizwa kilichomo ndani, kwa mara ya kwanza siku nzima, akajibu. Wamama walikasirika kidogo, halafu wakasema viazi vimeshaiva, vitupwe? Jenereta likawashwa. Mimi nilikaa kiti cha mbele na sahani yangu, gauni la marehemu na yote. Kizito aliimba na nusu uso wa shetani. Wimbo wa mwisho Mama Kwaya alipanda stejini bila kualikwa akaweka sauti ya pili juu ya magitaa, na nawaambia kweli, hapo ndipo nilielewa rock ni nini. Ni kilio cha msibani, ila kina umeme.

Tarehe ilitoka wiki hiyo hiyo. Harusi ilifanyika kabla ya Krismasi, chini ya bati mpya. Wajomba zangu wa Mafinga waliingia wakatazama juu, kama mzee alivyohofia, na mjomba mkubwa akasema kenchi za paa zimekaa sawa. Lusajo anasema hajawahi kumwona baba yake anatabasamu hivyo.

Jeneza liko kwetu. Kaka alilikata akatoa kabati la vyombo, vishikio ni vile vile.

Na mzee akija kututembelea mila iko pale pale. Yeye sebuleni, mimi jikoni, ukuta katikati. Ila tumeongeza kitu ambacho shangazi hakunifundisha. Akimaliza kuonja chakula anagonga meza. Mara moja, chakula kizuri. Mara mbili, chumvi imezidi.

Tangu niolewe ni mara mbili tu, kila akija. Hajawahi kukosa na hajawahi kubakiza.

Nilichojifunza wakuu, mtu akikukalia kimya usikimbilie kusema anakuchukia. Inawezekana amekaa upande wa pili wa ukuta anasikiliza unavyoimba, na anamdanganya mkewe kwamba anaota jua. Na ukiwa na jambo na mtu liseme akiwa hai, si wote tuna bahati ya kugonga.

Karibuni mchangie. Wenye wakwe wa kukwepana mnafanyaje? Na wale wa "picha ziko wapi", picha ipo moja, nimetoka nimefumba macho.

Ngojeni kidogo, naona kijiko kimewekwa chini huko.

Amegonga.

Mara moja.

Nasubiri ya pili.

Nimesogea mpaka kwenye mlango, nimeweka sikio.

Wakuu, ya pili haijaja.